Geti linaburuza chini? Usikimbilie grinda

Mzee mmoja wa Jambiani, hapa Unguja, alinipigia simu asubuhi ya Ijumaa. "Fundi, njoo na grinda lako, geti limekuwa refu." Nikacheka, maana chuma hakikui. Nilipofika nikakuta robo ya duara nyeupe imechoreka kwenye sakafu ya zege, pale ncha ya geti inapokwaruza kila linapofunguliwa. Yeye alitaka nikate sentimita mbili za chini yaishe, awahi msikitini. Nikamwambia, "Babu, nipe dakika tano tu." Nikatoa timazi, nikaining'iniza juu ya nguzo. Uzi ulipofika usawa wa bawaba ya chini ulikuwa umeachana na nguzo kwa vidole viwili. Geti zima halina neno, nguzo imeanza kulala.

Ningelikata siku ile, masika inayofuata lingeburuza tena, na chini yake pangebaki uwazi wa kupita paka. Ndiyo maana kila ninapoitwa kwenye geti bovu naanza kutazama nguzo na ardhi, chuma baadaye. Haya nayaandika kwa mtu ambaye geti lake limeshaanza kusumbua, lakini na wewe unayetaka kuagiza jipya pitia, utajua uulize nini kwa fundi wako kabla hujatoa arubuni.

Geti linaburuza, au pande mbili hazikutani

Kuna vipimo vitatu, na vifanye kwa mpangilio huu.

Shika ncha ya geti, ile ya upande wa komeo, uinyanyue. Ikipanda na kushuka huku bawaba zikigonga, basi bawaba zimelika. Mara nyingi ni kwa sababu ziliwekwa ndogo. Piga hesabu: bati la milimita 1.5 lina uzito wa karibu kilo 12 kwa mita mraba. Upande mmoja wa geti wenye mita 1.8 kwa 2.2 ni kilo 47 za bati peke yake. Ongeza fremu ya bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unafika kilo 80 na kitu. Mzigo huo unaninginia kwenye bawaba mbili za kidole gumba! Weka bawaba tatu nene, na kama mfuko unaruhusu, zile zenye beringi au zenye bolti na nati ya kurekebishia. Hizi za nati zina faida moja kubwa: nguzo ikiinama kidogo tu, unazungusha spana nusu mzunguko na geti linarudi mahali pake, bila moto wala umeme.

Kipimo cha pili ni mshazari. Chukua futi kamba, pima kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini inayokabiliana nayo, kisha pima zile mbili nyingine. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, fremu imepoteza pembe zake. Tazama bomba la mshazari liko wapi. Wengi hulichomea kama pambo, upande wowote. Bomba la kuhimili geti linaanzia chini upande wa bawaba na kupanda hadi juu upande wa komeo, hapo linausukuma mzigo kwenye nguzo. Ukitumia waya au nondo nyembamba ya kuvuta, ni kinyume chake: juu ya bawaba kuja chini ya komeo, kwa kuwa waya hauwezi kusukuma.

Cha tatu ni ile timazi. Nguzo ikiinama sentimita moja kati ya bawaba ya juu na ya chini, ncha ya geti la mita 2 inashuka sentimita moja na zaidi. Kwa hiyo kuinama ambako jicho halikuoni, geti linakuona.

Nguzo inalala: uliza ardhi

Hapa ndipo mafundi tunapokosea, kwa sababu tunachimba shimo la kipimo kimoja kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, tukivuka bahari tunalibeba lile lile hadi Wete. Ardhi zetu hazifanani, na wakulima wetu walishazipa majina zamani.

Kwenye kichanga, shimo la sentimita 60 kwa 60 likiwa na kina cha sentimita 90 linatosha kwa geti la kawaida, ila upanuke chini kama chungu, na zege lijae shimo zima. Kinongo, ule udongo mwekundu, ni rahisi zaidi, ndiyo ardhi ya kumshukuru Mungu. Tabu iko kwenye kinamo, ule udongo mzito wa bondeni. Wakati wa jua unapasuka unaingiza kidole, mvua ikija unavimba. Nguzo iliyosimama kwenye tabaka hilo inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na geti linaburuza masika halafu linajirekebisha lenyewe kiangazi. Ukiona geti lenye tabia hiyo ya msimu, usihangaike na bawaba. Shuka chini zaidi, mita 1.2 au zaidi, mpaka upite ile mipasuko, na maji ya paa yaelekezwe mbali na nguzo.

Maweni ni habari nyingine. Paje, Bwejuu, Jambiani, Makunduchi, na Pemba upande wa mashariki, unachimba sentimita 20 unakutana na jiwe. Fundi anafurahi: "Hapa jiwe, hapaendi popote." Anapandisha nguzo juu ya jiwe bila kuishikisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule mzee. Nguzo ya zege iliyokalishwa tu juu ya jiwe ni sawa na chupa mezani. Tulilishusha geti, tukaifunga nguzo na boriti isiendelee, tukatoboa jiwe mashimo manne yenye kina cha sentimita 40, tukayaosha vumbi, tukasimamisha nondo za milimita 12 kwa saruji nzito, kisha tukazifunga na nondo za nguzo. Kabla ya kutoboa pigapiga jiwe kwa mtaimbo. Likilia kama ngoma, kuna pango chini, sogeza nguzo.

Na sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue. Nguzo mbili za geti zinavutwa kuelekeana, kwa sababu kila moja imebeba mzigo upande wa ndani ya njia. Zifunge kwa mkanda wa zege unaopita chini ya njia ya gari, sentimita 20 kwa 30, nondo nne. Hauonekani, gari linapita juu yake, na nguzo zinabaki pale pale miaka. Unagharimu mifuko michache ya saruji. Wateja wangu wengi wanaukata kwenye hesabu ili wanunue taa za juu ya nguzo.

Zege la uwiano wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mwagia maji siku saba. Geti usilitundike kabla ya hapo, na kama huna haraka ya harusi ngoja wiki mbili. Zege linaendelea kukomaa mpaka siku 28, na geti lililotundikwa siku ya tatu linaivuta nguzo ikiwa bado mbichi.

Asubuhi linafunga vizuri, saa nane mchana komeo haliingii

Jua. Chuma cha mita 4 kikipata moto wa nyuzi 30 zaidi kinarefuka karibu milimita moja na nusu. Si nyingi, lakini fundi akiacha nafasi ya milimita mbili katikati ili geti "likae vizuri", imekwisha. Acha milimita 8 mpaka 10, funika uwazi huo kwa flati baa, kile chuma bapa, upande mmoja. Rangi nyeusi, ambayo siku hizi kila mtu anaitaka, hupata moto zaidi kuliko ya maziwa.

Kutu

Watu wananiambia, "Fundi, nimepaka rangi mwaka jana tu." Nawauliza waliosha kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kupaka? Kimya. Upepo wa baharini unabeba chumvi, unaiweka juu ya chuma usiku na mchana. Ukipaka rangi juu ya chumvi umeifungia ndani, na chumvi inavuta unyevu hata kupitia rangi. Rangi inatoa malengelenge kama ngozi iliyoungua, unaibonyeza inatoka maji ya kahawia.

Kwa hiyo: kwangua kutu yote hadi chuma kingʼare, osha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, futa, acha kikauke juani, na paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Pwani chuma kilichopigwa msasa asubuhi jioni kimeshapata wekundu. Mikono miwili ya rangi ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Acha kupaka kabla umande haujaanza kushuka.

Lakini tazama kutu imeanzia wapi, kwani mahali inapoanzia ndipo panapokwambia sababu. Ikianzia kwenye maungio ya kuchomea, fundi hakusafisha ganda la rodi kabla ya kupaka. Ikianzia chini, geti linakaa kwenye udongo au kwenye dimbwi: linyanyue sentimita 5, na kama unaogopa kuku kutoka, funga utepe wa mpira wa tairi kuu kuu. Kuku hapiti, maji yanapita. Ikitokea ghafla katikati ya bomba, tundu lenye kingo nyembamba kama ganda la yai, hiyo imetoka ndani. Bomba la mraba liliachwa wazi juu, mvua imeingia na haikupata pa kutokea. Ziba vichwa vyote kwa bati, toboa tundu dogo chini la kutolea maji.

Nyumba za Mbweni, Nungwi au ufukweni kokote, mimi ningeshauri mabomba yaliyochovywa zinki. Ni ghali, na yana sharti lake. Ukiyachomea, zinki inaungua pale kwenye kiungo na kutu itaanzia hapo hapo, kwa hiyo kila kiungo kipakwe rangi ya zinki. Na moshi mweupe unaotoka wakati wa kuchomea ni sumu. Fundi achome nje penye upepo, akwangue zinki kwanza. Nimewahi kulala na homa usiku mzima kwa ubishi huo.

Mbao? Mfenesi na msaji zinahimili pwani kuliko chuma cha bei rahisi, na mlango wa Kiunguja ni ushahidi unaotembelewa na watalii kila siku. Ila geti pana la gari la mbao ni zito, na bawaba zake ni za chuma vile vile. Kwa mlango mdogo wa kupitia watu, mbao ndiyo chaguo langu.

Ukuta unatoa unga mweupe, nguzo inapasuka wima

Unga mweupe chini ya ukuta, plasta inamomonyoka ukiigusa: ni chumvi. Imetoka sehemu moja kati ya tatu, mchanga wa pwani, maji ya kisima chenye chumvi, au unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu hapakuwekwa nailoni nzito chini ya matofali ya mwanzo. Mchanga jaribu mwenyewe: konzi moja kwenye glasi ya maji ya mvua, koroga, acha utulie, onja. Ukikolea chumvi, urudi kwa aliyeuleta, usipokee. Maji yanaonjwa vile vile.

Unga peke yake unaudhi tu. Hatari ni mpasuko wa wima kwenye nguzo, ulionyooka, wenye doa la kahawia. Huo umefuata nondo. Nondo ikishika kutu inavimba kuliko chuma chenyewe kilivyokuwa, na inalipasua zege kwa ndani. Kupaka saruji juu ni kufunika kidonda kichafu. Bomoa mpaka nyuma ya nondo, safisha kwa burashi ya waya, ukikuta imeliwa nusu ongeza mpya, ndipo ujaze. Wakati wa kujenga upya nondo zikae ndani kwa sentimita 4, karibu na bahari 5. Weka vijiwe vya saruji vya kuzitenga na mbao za fremu. Mawe ya kokoto yaliyookotwa hayatoshi, yanateleza zege likishindiliwa.

Ukuta unainama baada ya mvua

Hili ni tatizo la Pemba zaidi. Chake, Mkoani, Wete, kiwanja kiko mlimani, mwenye nyumba anazungusha ukuta, na bila ya kujua amejenga bwawa. Masika maji yanashuka kutoka juu, yanakutana na ukuta, udongo unalowa, unasukuma. Ukuta wa tofali la inchi sita haukuumbwa kwa hilo.

Dalili ni tumbo. Simama pembeni mwa ukuta utazame urefu wake, utaona umetoka mbele katikati. Ukiwa umetoka chini ya sentimita mbili na hauna mpasuko mpya, unaweza kuokolewa: toboa matundu usawa wa ardhi kila baada ya mita mbili, ingiza vipande vya bomba la plastiki, upande wa juu weka kokoto ili udongo usiyazibe, na ongeza nguzo za kuegemea. Ukiwa umetoka zaidi ya hapo, ondoa watoto karibu nao na uuvunje kabla haujavunjika wenyewe.

Mipasuko ya ngazi ngazi inayofuata maungio ya matofali ni msingi kushuka. Mpasuko mmoja wa wima katikati ya ukuta mrefu ni ukuta kukosa nafasi ya kujinyoosha, acha kiungio kila baada ya mita 6 hivi. Mwembe au mkungu ukiwa karibu, chimba uone mizizi kabla ya kumlaumu mwashi.

Na kabla ya kujenga upya pita kwa sheha, kiongozi wa shehia yako, pitia alama za mpaka wewe na jirani pamoja, uchukue kibali. Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, usiguse ukuta wala mlango wa mbele bila ya ruhusa ya mamlaka yake. Nimeona watu wakijenga kwanza wakizungumza baadaye. Ukuta unabomoleka, ila usalimiano na jirani haurudi.

Upepo unalipiga geti

Kusi ikivuma geti lote la bati ni tanga. Linagonga, komeo linapinda, bawaba zinalegea, na mwenye nyumba anasema geti bovu. Najua kwa nini watu wanataka bati zima: sitara. Mtu hataki uwani kwake kuonekana na mpita njia, na ana haki. Basi agiza vibamba vya mlalo vilivyolazwa kwa pembe, kimoja kikifunika ukingo wa mwenzake. Macho hayapenyi, upepo unapenya. Kama geti lako limeshajengwa, kata sehemu ya juu ya usawa wa kichwa uweke nondo za mapambo, na ongeza komeo la chini linaloingia kwenye tundu la zege. Tundu hilo likijaa mchanga kila wiki, limekosa kutobolewa hadi chini. Maji na mchanga vipate njia.

Geti la kusukuma limekwama

Asilimia kubwa ni mchanga kwenye reli. Fagia. Ukishafagia bado zito, ondoa magurudumu utazame beringi. Usizijaze grisi nje nje, grisi na mchanga ni msasa. Reli ya chuma cha pembe iliyogeuzwa mgongo juu hujisafisha kuliko reli ya mfereji. Na kabla ya kuchagua geti hili, pima ukuta wa pembeni: njia ya mita 4 inataka ukuta ulionyooka zaidi ya mita 4 ili geti lipate pa kwenda.

Kufuli la shaba lililokwama halitaki mafuta ya kupikia, nimeyakuta mara tatu. Kwangua risasi ya penseli, puliza unga wake ndani ya tundu la ufunguo.

Ua wa miti na makuti

Miti ya mvinje inavunjika usawa wa ardhi, hapo hapo penye unyevu na hewa, na mchwa wanamalizia. Oili chafu ya gari inawafukuza kwa muda, lakini visima vyetu havina kina kirefu, na unachomwaga uani utakinywa. Simika vipande vya zege vyenye flati baa mbili zilizotokeza juu, mti ufungwe kwa bolti kati yake, sentimita 5 juu ya ardhi. Makuti yakioza unabadilisha makuti tu. Ukipanda mnyaa kuwa ua wa kijani, utomvu wake usiingie machoni, hasa kwa watoto.

Geti la mota halisikii rimoti

Betri ya rimoti kwanza, utashangaa. Halafu yale macho mawili ya pembeni, vihisi vya usalama, futa utando wa buibui. Kisha fungua kisanduku: sisimizi wanapenda ubao wa mota kwa joto lake, na mjusi akikauka juu ya nyaya ameshaunguza fyuzi. Ziba matundu ya waya kwa silikoni.

Umeme ukiwa ndio haupo, kuna ufunguo wa kuachia mota ili geti lisukumwe kwa mkono. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa gizani miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa. Ufunguo huo muulize fundi siku ile ile anayokabidhi kazi, na ujaribu mbele yake. Usiuweke ndani ya gari. Nilishaitwa usiku kufungua geti la mtu ambaye gari lake, lenye ufunguo, lilikuwa ndani, na yeye yuko barazani na mkewe na mabegi ya safari.